Mafundi kompyuta wa Moshi, mmeisugua DVD ya marehemu mama yangu kwa dawa ya meno bila hata kuijaribu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuzificha. Sitataja jina la duka wala la mtu, maana sitaki kesi. Waliohusika wakisoma watajijua.

Nina DVD 2 za sendofu ya dada yangu, Desemba 2009, hapahapa Moshi. Ya kwanza ina utambulisho wa ukoo, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) inaingizwa ukumbini huku mashangazi wakicheza. Ya pili ina zawadi, na mwishoni kabisa mama anasimama kumuusia dada. Anaanza kwa Kiswahili, sauti inamkaba, anamalizia kwa Kichaga. Mama alifariki 2021. Picha zake tunazo za kutosha, lakini hatukuwa familia ya kurekodiana kwa simu. Sauti yake akizungumza taratibu, dakika nzimanzima, ipo mahali pamoja tu duniani, nako ni kwenye hiyo DVD ya pili.

Krismasi hii dada anakuja na wanawe kutoka Mwanza. Mdogo hamkumbuki bibi yake hata kidogo. Deki yetu iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, kwa hiyo nikasema tutatazamia kwenye kompyuta ya mezani, ya mtumba, niliyoinunua Arusha. Mwaka 2016 kompyuta hiyohiyo ilizicheza DVD hizohizo, mama amekaa pembeni yangu anajicheka alivyosuka nywele. Katikati hapo nilibadilishiwa Windows, nikatoka 7 nikaenda 10, sikuwaza tena habari za DVD.

Safari hii natia diski, inazunguka, halafu Windows Media Player inaniambia haiwezi kucheza. Nikafungua diski yenyewe: folda ya VIDEO_TS ipo, ndani mafaili ya VOB, yale yanayobeba picha na sauti, yamejipanga, moja baada ya jingine, karibu GB 1 kila moja.

SHIKENI HAPO HAPO. Mafaili yalionekana. Draivu, ile mashine ya kusomea diski, ilikuwa inaiona diski. Nilimweleza fundi jambo hili kwa mdomo wangu.

Fundi wa kwanza ana meza karibu na stendi. Nilimpelekea kompyuta na diski moja, hiyo ya pili. Hakuitia popote. Aliinyanyua kwenye mwanga wa taa, akaigeuza, akasema, "Mwalimu, hii imechoka." Akavuta droo, akatoa dawa ya meno, akaminya tone juu ya diski, akaanza kusugua kwa kitambaa cha kufutia vioo. Alisugua kwa kuzungusha, duara juu ya duara, na alipofika ukingoni akakaza mkono. Nilisimama pale namwangalia kwa sababu yeye ndiye fundi na mimi ndiye mteja. Aliponirudishia, ukingo wa nje ulikuwa umepauka, upana wa kidole changu cha shahada, ukiinamisha kwenye mwanga unaona vimistari vyeupe vimefuatana kama miviringo ya kisima.

Wengi hamjui ubaya wa kitendo kile, na mimi sikuujua siku ile. DVD inaandikwa kuanzia ndani, karibu na tundu, inakwenda nje. Mwisho wa sherehe uko ukingoni. Mama yuko ukingoni. Na dawa ya meno ni msasa, haina uchawi mwingine. Diski ina namna yake ya kujisahihisha: mkwaruzo ukikatisha njia ya maandishi, kinapotea kipande kidogo na mashine inakikokotoa kutoka kwa vilivyobaki jirani. Mkwaruzo ukifuata njia yenyewe, kwa duara, unazoa mfululizo mrefu na hakibaki cha kukokotolea. Ndiyo maana diski inafutwa kwa kitambaa laini kwa mstari ulionyooka, kutoka tunduni kwenda nje. Mtu anayepokea hela kwa kazi hii halijui hilo?

Diski ikagoma vilevile, maana haikuwa na ugonjwa huo. Akasema basi tatizo ni Windows, tupige upya. Elfu 30. Hakuniuliza nina nini ndani. Hesabu za kikoba chetu za miaka 3, mitihani yangu ya darasa la 6 na la 7, vyote nilivihifadhi kwenye D, ile sehemu ya pili ya hadi diski, nikiamini D haiguswi. Aliifuta na D. Kisha akanipigia Windows 10 ileile niliyokwenda nayo.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Windows 7, kuanzia toleo la Home Premium, ilikuwa na kodeki, yaani mkalimani, ya MPEG-2, ndiyo lugha ambayo picha za DVD zimeandikwa. Windows 8 ya mwaka 2012 ikaja Windows Media Player haichezi tena DVD. Windows 10 ya 2015 ikaondoa kabisa na ile Media Center, programu nyingine iliyokuwa inacheza DVD. Kodeki ina gharama ya leseni, na kompyuta nyingi siku hizi hata tundu la diski hazina. Aliyetaka kucheza DVD kwa programu ya Microsoft yenyewe aliuziwa pembeni kwa dola 14.99. Kwa hiyo ukinipigia Windows 10 mara kumi, mara kumi itagoma. Dawa yake ni VLC, programu ya bure iliyoanza kama mradi wa wanafunzi Ufaransa mwaka 1996, inakuja na kodeki zake ndani. Unaishusha kwa simu, unaihamisha kwa waya, dakika 5 umemaliza. Diski yangu isingeguswa. D yangu isingeguswa.

Nikaenda kwa fundi wa pili. Huyu alikuwa na maneno mazuri zaidi. Akasema tatizo ni kanda, yaani maeneo ya dunia, kwamba DVD zimegawiwa kwa kanda na draivu yangu ni ya Ulaya. Habari ya kanda ni ya kweli: Tanzania tuko kanda namba 5, Marekani ni 1, Ulaya na Afrika Kusini ni 2. Lakini hiyo inahusu filamu za kampuni, zile za dukani zilizofungwa. DVD aliyoichoma mpiga video wa sendofu hapa Moshi haina kufuli wala kanda! Yeye akaingia kwenye mipangilio ya draivu, akaweka 1, akajaribu, akaweka 2, akajaribu, akaweka 5, akarudi 1. Draivu inaruhusu kubadilishwa mara 5 tu katika maisha yake yote, na mara walizobadilisha wamiliki waliotangulia zinahesabiwa humohumo. Ikaisha. Draivu yangu imejifunga kanda ya Marekani moja kwa moja, na hata kupiga Windows upya hakuifungui, kwa sababu hesabu inakaa ndani ya draivu yenyewe.

Alipoona hivyo akasema draivu imekufa, akanifungia nyingine ya mtumba, elfu 35, ya zamani akabaki nayo. Kunithibitishia ni nzima akatia CD ya kwaya, ikaimba. "Si unasikia, kaka?" Nikalipa. Nafika nyumbani, haisomi DVD hata moja. Zangu, za jirani, hata iliyotolewa dukani siku hiyohiyo. CD zote inasoma.

Baadaye nikaelewa: CD inasomwa kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa leza ya nanomita 650. Leza ni tofauti, moja inaweza kufa na nyingine ikabaki nzima. Kuijaribu draivu ya DVD kwa CD ya kwaya hakujathibitisha chochote.

Elfu 65 zimekwenda, bila nauli. Mchana huo nilikaa kwenye kiti cha sebuleni nikaona aibu kumpigia dada.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu, aliniazima draivu ya nje, ya kuchomeka kwa USB. Mwanzoni nayo ilinitisha, inalia tik, tik, inazunguka kidogo inazima. Nilikuwa nimeichomeka kwenye kigawanyio cha mbele pamoja na kipanya na flashi. Tundu la USB 2.0 linatoa umeme wa miliampia 500 tu, na draivu inapoanza kuzungusha diski inataka zaidi ya hapo. Waya wake ulikuwa na vichwa viwili, nikachomeka vyote nyuma ya kompyuta moja kwa moja, ikatulia. Nikafungua kwa VLC. DVD ya kwanza ikacheza mwanzo mpaka mwisho, miaka yote hiyo, haijakwama hata mara moja. Ndafu inaingia, shangazi yangu mkubwa yuko mbele na kitambaa chake. DVD hii haikupita mikononi mwa fundi yeyote.

Ya pili ilicheza vizuri mpaka saa 1 na dakika 48. Kuanzia hapo picha ikavunjika miraba, sauti ikakatika, draivu ikaanza kukoroma, VLC ikasimama.

Mdogo wangu anayesoma Dodoma akanielekeza kwa simu tusiendelee kuicheza, tuinakili kwanza. Tukawasha kompyuta kwa Ubuntu, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, kutoka kwenye flashi, tukatumia programu inaitwa ddrescue. Hiyo inachota kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, halafu inarudi pole pole kwenye palipogoma, na inaandika kwenye faili la ramani wapi imepata na wapi imekosa. Ilifanya kazi usiku mbili. Katika GB 4.3 imebakiza kama MB 190, karibu zote mwishoni. Kwa kiwango cha picha ya DVD ile, hizo ni kama dakika 5.

Nilichonacho sasa: mama anaonekana akiinuka, anarekebisha khanga begani, anapokea kipaza sauti. Anasema, "Mwanangu, leo unatoka nyumbani..." halafu miraba. Sehemu ya Kichaga haipo.

NYONGEZA (usiku huu): Nimesoma komenti zenu zote. Aliyesema ningekuwa na nakala nyingine, amesema kweli na nimepokea. Mpiga video alitupa seti moja, nilipomtafuta juzi akaniambia tepu za mwaka ule alishazirekodia harusi nyingine. DVD za kuchoma huwa zinachakaa zenyewe, rangi iliyomo ndani inafifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo kama unazo za harusi au za maziko ndani ya kabati, zinakili leo kwenye hadi diski na kwenye flashi. Usisubiri mpaka uzihitaji.

Mafundi mlionijibu kwamba mteja ana haraka na bei ni ndogo: hapana, sikubali. Mimi sikuwa na haraka na sikupunguza hata mia. Kuitia diski kwenye kompyuta nyingine iliyo mezani kwako kunakugharimu nini? Kuuliza "ilikuwa inacheza zamani? nini kilibadilika?" kunakugharimu nini? Ungeuliza hilo moja tu, ningekwambia Windows, ungejua. Draivu isiyoonekana kabisa kwenye kompyuta ni jambo jingine, draivu inayoona mafaili lakini picha haitoki ni jambo jingine, diski inayokwama dakika ileile kila mara ni jambo jingine tena. Mmezijumlisha zote mkaziita "piga Windows". Huo ni ubabaishaji, na mnaufanyia vitu ambavyo watu hawana namna ya kuvinunua tena.

Yupo aliyeniuliza kwa nini sirudi kudai hela. Wa kwanza nimemfuata. Amesema aliikuta diski hivyo. Wa pili anasema draivu niliondoka nayo ikiwa nzima, kwaya ilisikika.

Ninachoomba ni hiki. Draivu hazilingani, palipoishinda moja nyingine huweza kupasoma, na kwa lile faili la ramani ddrescue inaendelea pale ilipoachia, inajaza mapengo tu. Mpaka sasa nimejaribu draivu 2. Mwenye draivu ya DVD iliyo nzima, Moshi au Arusha, ya ndani au ya nje, hata kama ni ya kompyuta ya kizamani, aniruhusu nije nijaribu hapohapo kwake. Sihitaji kuihamisha, nitakuja na flashi, na kompyuta mpakato nitaazima. Arusha naweza kufika Jumamosi asubuhi kwa basi la kwanza. Umeme na muda wako nitalipia.

Dada anafika tarehe 20. Na diski haitoki mkononi mwangu tena, nitaitia mwenyewe na kuitoa mwenyewe.