Injini inakula mililita 900, wamejaza lita 1.3! Mafundi wa Nairobi, nani aliwafunza kupima oili?

Wadau, habari za jioni. Nimekaa na hii hasira siku nne nikijiambia niache yapite, lakini leo nimepita nje ya hiyo gereji iliyonijazia oili kupita kiasi nikakuta pikipiki tano zimepanga foleni, zote zimelala kwa stendi ya pembeni, na jamaa anachovya stiki za kupimia oili moja baada ya nyingine. Nimeona heri niandike. Jina lao siweki, msiniulize hata faraghani. Ni huku Eastlands, si mbali na Jogoo Road, basi.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, zile ambazo injini imenakiliwa kutoka kwa Honda CG125, muundo wa mwaka 1976. Wengi wenu mnaendesha injini hiyo hiyo hata kama tangi limebandikwa jina lingine. Kitabu chake hakina mafumbo: ukimwaga oili ya zamani, unarudisha mililita 900. Ukiwa umefungua injini yote ikakauka, ndipo unaweka 1,100. Namba mbili tu, na hata hizo zimewashinda.

Ijumaa ya wiki iliyopita nikapeleka servisi. Kijana akamwaga oili, akafunga nati, akachukua chupa ya lita moja akaipindua juu ya tundu. Ikaisha. Akaigonga kitako mara tatu ili hata ile iliyoganda shingoni ishuke. Nikamwambia, "Kaka, hii inakula mia tisa." Akacheka. "Bosi, chupa si ni ya lita? Hiyo ingine unataka ukakaangie mayai?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Mjinga.

Kwa sababu hapo ndipo ugonjwa ulipo. Hapa mjini kipimo cha oili ni chupa. Hakuna anayeangalia stiki baada ya kumimina. Chupa imeisha, kazi imeisha, tuma pesa kwa simu. Injini iwe ya 100, iwe ya 125, iwe ya 150, chupa ni ile ile.

Jumanne nikarudi kwa ajili ya breki ya nyuma. Sikusema lolote kuhusu oili, wala sikuulizwa. Nimetoka kuendesha sasa hivi, injini nimezima hata dakika haijaisha, pikipiki imelalia stendi ya pembeni. Mkubwa wao mwenyewe, si yule kijana, akaja akafungua stiki, akaifuta kwa suruali, akaichovya, akaitoa. Nchani kulikuwa na unyevu kidogo tu. "Mkubwa, ungefika Donholm hii ingejam. Oili imekauka." Kabla sijafungua mdomo ameshamimina nyingine, nusu chupa iliyokuwa imefunguliwa, kama mililita 300 hivi. Shilingi 250 juu ya breki.

Sasa hebu fikirieni, na hili halihitaji cheti. Tundu la stiki liko upande wa kulia. Stendi ya pembeni inalaza pikipiki kushoto. Oili ni kitu cha majimaji, inakwenda kulikoinama. Ukichovya kulia utakuta nini? Isitoshe injini imezimwa sasa hivi, oili nyingi bado iko juu kwenye valvu na imeng'ang'ania ndani ya kava ya klachi, haijateremka. Mtu wa kazi anaiona stiki kavu anatangaza msiba.

Jumatano asubuhi, mvua ya rasharasha, nimebeba mteja kutoka mjini. Kupanda kutoka Museum Hill kuelekea Westlands pikipiki ikagoma kuvuta. Nafungua mafuta, inanguruma tu kama mtu mwenye kikohozi. Nyuma moshi mweupe wenye rangi ya samawati mpaka dereva wa matatu akatoa kichwa dirishani kunitukania ukoo. Mteja, mama wa heshima zake, akaniambia, "Kijana wangu, nishukishe hapa, nitatembea." Sikumdai hata shilingi.

Nikasukuma hadi pembeni. Nikafungua boksi la filta ya hewa. Sponji imelowa oili chapachapa kama andazi lililotolewa karai sasa hivi. Plagi nyeusi, imelowa. Injini ilikuwa imeshiba, ikatapika kupitia ile paipu ya kupumulia.

Nilifika nyumbani saa nane. Nikasimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, nikaacha injini ipate joto, nikazima, nikaweka beseni, nikafungua nati. Oili ikatoka na povu. Nikaipima kwa jagi la plastiki la mama watoto lenye mistari ya mililita (mpaka leo jikoni sina haki). Lita moja na mililita 180. Ongeza iliyonyonywa na sponji na iliyobaki ndani, hesabu inarudi kule kule kwenye 1,300 waliyonijazia. Mililita 400 zaidi, kwa injini ya 900! Hiyo ni kama kumpa mtu sahani ya ugali ameze kisha unamsukumia nusu nyingine.

Nikampigia simu mkubwa. Jibu lake, neno kwa neno: "Oili nyingi haiui injini. Inayoua ni ile kidogo. Mimi nimekuokoa." Nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana yananiudhi zaidi. Oili kidogo inaua haraka, hasa kwa injini hizi za kupozwa na upepo, maana oili ndiyo inayosaidia kubeba joto, na kwenye dashibodi yetu hakuna taa ya kukuonya. Lakini nyingi nayo inaua, polepole. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inaipiga kama mtu anayekoroga mayai mpaka inakuwa povu, na povu haliwezi kulainisha chuma. Halafu inatafuta pa kutokea: kwenye sili, kwenye paipu, kwenye pistoni.

Nikiwa na hasira hiyo nikachukua risiti ya Ijumaa. Oili 800. Kazi 300. Filta ya oili 350.

Filta gani?

Injini ya CG haina filta ya karatasi ya kubadilisha. Ina wavu wa chuma wa kuchuja, na ina kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki kinachorusha uchafu ukutani. Vyote vinasafishwa, havinunuliwi kila servisi. Na kukifikia kikombe lazima utoe kava yote ya kulia. Nikachuchumaa na tochi nikaiangalia kava: skrubu zake zina matope makavu ya mwezi jana, hakuna bisibisi iliyogusa pale. Wameniuzia kitu ambacho injini yangu haina mahali pa kukiweka.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema, "Kwa nini hukupima mwenyewe?" Mko sawa, nimekubali. Nimeendesha miaka sita na nilikuwa nawaachia wao. Sasa nimeanza, na ni dakika tano. Mahali tambarare, stendi kubwa, pikipiki wima. Washa dakika tatu hivi, zima, subiri dakika mbili tatu ishuke. Toa stiki, futa kwa kitambaa kisafi (si suruali), ichovye BILA kuizungusha kwenye nyuzi zake, itoe, usome. Ikiwa katikati ya mistari miwili, funga nenda kazini. Ikiwa chini ya mstari wa chini, ongeza kidogo kidogo, pima tena. Kuna injini nyingine kitabu chake kinataka stiki ifungwe kabisa ndipo usome, kwa hiyo angalia cha yako. Kama yako ina kidirisha cha kioo, iweke wima tu usome. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa usiwashe tena, hayo ni maji. Waliozamishiwa pikipiki kwenye mafuriko ya 2024 wanaijua hiyo rangi.

Na ukiongeza, usiongeze ile ya gari eti kwa sababu iko karibu. Klachi zetu zinaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na oili nyingi za gari zina dawa za kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, ndiyo alama ya oili inayofaa klachi za namna hii.

Hasara yangu mpaka sasa: oili mpya 800, plagi 300, sponji 250, siku moja na nusu bila kazi, na mkopo wa pikipiki unadai kila jioni, haujui habari za stiki. Ninachodai kwao ni 350 ya filta ambayo haipo, 250 ya oili ambayo sikuiomba, na plagi. Kesho saa tatu naenda na risiti na jagi.

NYONGEZA, saa sita mchana: Nimetoka huko. Ile 350 wamerudisha bila kelele, mkubwa hata hakuniangalia usoni alipokuwa akituma. Ile 250 anasema nilikuwepo akimimina na sikukataa. Ya plagi amesema hawezi kulipa kabla pikipiki haijakaguliwa upya, labda ina shida nyingine. Akamwita kijana aje apime oili. Kijana akaisukuma hadi kivulini, akateremsha stendi ya pembeni, akailaza, akafungua stiki.