Tamasha la Bagamoyo na mtoto asiyekula ngano: wenyeji, atakula nini?

MamaNasra
Habari za humu ndugu zangu. Tunatoka Morogoro kuja Bagamoyo kwenye tamasha la sanaa pale TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, siku 2. Binti yangu ana miaka 9 na ana siliaki. Akila gluteni, ile protini inayofanya donge la unga wa ngano livutike, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo wake mwenyewe na chakula hakifyonzwi. Dawa hakuna, ni kuacha ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano) maisha yote. Kabla hajapimwa alikonda mpaka sare ya shule ikawa inampwaya.

Mwaka jana kwenye shughuli ya jirani nilimruhusu vitumbua 2, nikijua kitumbua ni mchele. Saa 4 usiku tumbo limemjaa kama ngoma, akatapika mpaka alfajiri. Kumbe rojo lilitiwa unga wa ngano. Tangu hapo chakula cha nje nakiogopa. Lakini mtoto huyu anapenda ngoma mno, na roho inaniuma kumkalisha pembeni na hotpoti wakati wenzake wanakula. Nisaidieni.

Dunda_Mjini
Pole sana dada. Mahindi ya kuchoma, madafu, ndizi, kashata za nazi, hivyo havikosekani. Na mkate wa brauni je?

MamaNasra
Asante kaka. Mkate wa brauni nao ni ngano, hawezi.

BiMwana
Mwanangu, nimepika vitumbua miaka mingi hapa Bagamoyo, ngoja nikueleze. Kitumbua chenyewe ni mchele uliolala kwenye maji usiku kucha, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira na iliki, ukaumuka. Rojo likiwa jepesi kitumbua kinakatikia chumani, ndipo wengi wanapotia konzi ya ngano. Kwa hiyo usiulize "hiki ni cha mchele?" Kila mpishi atakwambia ndiyo, na hajakudanganya. Uliza "umetia ngano hata konzi moja ili kishike?" Mkate wa kumimina uulizie vivyo hivyo.

Halafu tazama karai. Mafuta yaliyotoka maandazi na sambusa yameshabeba ngano, muhogo ukiingia humo umeharibika. Chipsi nazo hivyo hivyo. Bhajia za kunde hazina ngano, lakini mafuta yake je? Urojo usiusogelee, uzito wake ule ni unga wa ngano. Samaki wa kukaanga kuna wanaompaka unga asigande. Wewe shuka soko la samaki, nunua changu mbichi, mpake chumvi na ndimu, mfunge kwenye jani la mgomba ndipo umtoe akachomwe, maana wavu wa mishikaki huwa unapashiwa na chapati.

Na uende mapema. Mchana mafuta bado mapya na mpishi ana nafasi ya kukusikiliza. Usiku watu wamejaa, atakujibu ndiyo ili umpishe.

Kaka_wa_Magomeni
Kidogo tu kweli kinadhuru? Mtoto si azoee taratibu?

MamaNasra
Hazoei, kaka yangu. Hata siku asipolalamika, utumbo unaumia. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoandikwa hakina gluteni ni gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo ya chakula. Hiyo ni chembe, konzi iko mbali sana.

Rehani
Mimi nikila chapati tumbo linajaa gesi siku nzima. Niache ngano?

MamaNasra
Usiache kwanza, ndugu yangu. Nenda kapime damu ungali unakula ngano. Ukiiacha kabla, kipimo kinaweza kuonyesha huna kitu na kumbe unacho. Sisi tulielezwa hivyo hospitali.

MamaNasra
Mrejesho wa siku ya kwanza. BiMwana, Mungu akuweke. Tulifika saa 5 asubuhi. Mpishi wa vitumbua wa kwanza nilimuuliza kama ulivyonifundisha, akasema, "Nimetia konzi moja tu, mama." Ningeuliza la mchele angesema ndiyo, na usiku ule ungejirudia. Muhogo tulipata kwa kijana anayekaanga mihogo mitupu, karai lake halijui andazi. Nasra alikula mpaka pilipili ikamtoa machozi, akaongeza. Mchana changu kwenye jani la mgomba, akamchambua mwenyewe mpaka kichwa.

Jioni yule mama wa konzi moja akatufuata ngomani. Amesema ana chuma kipya hakijaguswa, leo analoweka mchele, na kesho kabla hajafungua unga atamchomea Nasra vyake kwanza. Tuwe pale saa 1 asubuhi.