Mrejesho: bei ya kulea watoto kwangu Katuba

Wamama, niliwauliza nitoze wazazi ngapi kwa kuwalelea watoto mchana, hapa kwangu Katuba, Lubumbashi, maana nilikuwa napokea chochote mtu alichonacho. Asanteni, mmenisaidia sana.

Niliandika gharama kwanza: makala (makaa ya kupikia), sabuni, unga wa uji, sukari, maji. Makala ndiyo yanakula pesa, hasa kipindi cha mvua. Nikagawa kwa idadi ya watoto, kisha nikaongeza jasho langu. Mtoto mchanga anayeshinda mgongoni kwangu halipiwi sawa na wa miaka mitatu anayecheza na wenzake, na wazazi walilielewa hilo haraka.

Bei nimeiweka kwa dola, wanalipa franka kwa kadiri ya bei ya dola siku hiyo, mwanzo wa mwezi. Anayechelewa kumchukua mtoto jioni anaongeza kidogo. Mama mmoja anauza mboga kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, hapati pesa ya mwezi kwa mara moja; yeye ananilipa kila jioni, nimekubali. Mwingine alimtoa mtoto wake. Iliniuma, alishanizoea yule, lakini bei sikuishusha.