Kemshafti (shafti zinazofungua vali) za hedi ya zamani kwenye hedi nyingine, injini ya Toyota 4A-FE

ndeeba_gia: Wakuu, hedi ya zamani (sehemu ya juu ya injini yenye vali) imepasuka. Hii nyingine imekuja tupu, na kepu zake (vifuniko vinavyoshika kemshafti). Nikifunga kemshafti za zamani, moja inashika kepu ya tatu inapokazwa. Nipige msasa?

fundi_jinja: Msasa weka mbali, ssebo. Kwanza hakikisha kepu ni za hedi hiyohiyo. Kiwandani hutobolewa zikiwa zimefungwa pamoja na hedi, kwa hiyo kepu ya kuazima haikai katikati hata namba zikilingana. Soma namba, mshale uelekee mbele. Toa vikombe vyote (vinavyokaa kati ya kemshafti na vali), paka oili, kaza kidogokidogo ukianzia katikati hadi Nm 13. Shafti izunguke kwa vidole. Ikikataa, jaribu shafti nyingine: ikizunguka, ya kwanza imepinda, ikikataa nayo, hedi ndiyo imepinda, mara nyingi kwa joto. Kuchonga uso wa chini hakunyooshi njia ya kemshafti.

mzee_wa_shimu: Halafu nafasi ya oili kati ya shafti na kepu upime kwa plastigeji (kiuzi laini kinachobanwa kisha kupimwa upana), isizidi mm 0.10. Ile gia ya mkasi (gia ya kemshafti yenye pande mbili zinazosukumwa na springi) uifunge kwa boliti ya mm 6 kabla ya kulaza shafti. Shafti ikilala upande huku unakaza, kingo ya hedi inavunjika.

Shimu za zamani (visahani vya kurekebisha nafasi ya vali) usiziamini. Mfano vali ya kuingiza hewa: nafasi umepima mm 0.32, unataka 0.20, shimu iliyopo ni 2.50. Inahitajika 2.62, weka 2.60, ubaki na 0.22. Pima injini ikiwa baridi.

ndeeba_gia: Kepu ya tatu haina mshale, wenzake wanao. Nimeelewa.

fundi_jinja: Basi tafuta hedi yenye kepu zake zote.