Naomba ushauri: Mazda Roadster RS kutoka kiwandani, au ya bei nafuu nifunge vifaa mwenyewe?
Ndugu zangu, natarajia kuagiza kutoka Japani Mazda Roadster (gari dogo la wazi la viti viwili) ya kizazi cha nne, kiitwacho ND, yenye injini ya lita 1.5 na gia za mkono, kwa matumizi ya Dar es Salaam. Toleo la RS linatoka kiwandani likiwa na shokapu za kampuni ya Bilstein na breki kubwa za mbele, ilhali toleo la S ni jepesi na la bei nafuu zaidi, lakini halina difu ya kuzuia tairi moja kuteleza wala stabilaiza ya nyuma (chuma kinachopunguza gari kulala upande kwenye kona).

Fundi wangu anashauri ninunue S, kisha tofauti ya bei tuitumie kufunga vifaa vya kampuni nyingine. Shokapu hazinitishi, maana hubadilishwa kwa siku moja. Difu ndiyo inayonipa mashaka, kwa kuwa ikipangwa vibaya huvuma na kula meno yake. Tena sitaki gari lililoshushwa, kwa matuta haya yetu.

Je, aliyefunga difu baadaye alipata fundi wa kuaminika hapa nchini, na kampuni ya bima ililipokeaje gari lililobadilishwa?