Simtanki la lita 1000 au 2000? Nataka kuweka akiba ya maji na chakula, naombeni ushauri

MamaMapacha, saa 1:12 jioni
Habari za jioni wakuu. Naishi Mabatini, Mwanza, huku juu kwenye mawe. Maji yakikatika sisi ndio wa kwanza kukosa, na yakirudi sisi ndio wa mwisho, maana lazima yawajae wa chini kwanza. Mwezi uliopita tulikaa siku tano. Dumu la lita 20 nilikuwa napandishiwa kwa 500, siku ya tano likafika 700. Tuko watano. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, giza likianza anaenda visiwani, anarudi mbalamwezi, kwa hiyo siku nyingi niko na watoto peke yangu, na hela inaingia kwa msimu wa mwezi.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipopanda nilizunguka Mlango Mmoja yote na mtoto mgongoni kutafuta kilo moja. Nikaapa sitashikwa tena hivyo. Baada ya mavuno nimenunua mahindi magunia manane, maharage debe mbili, dagaa, na michembe ya viazi vikavu kutoka kwa mama Magu. Vidonge nimeshaweka. Kilichobaki ni tanki. Nichukue la lita 1000 au 2000? Hela ya 2000 ninayo kwa kubana.

FundiMawe
Dada, kabla ya lita niambie litakaa juu ya nini. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo 2000 ni tani mbili. Huko kwenu nimefanya kazi sana, watu wanaweka tanki nusu juu ya jiwe, nusu juu ya kifusi. Mvua ikipita kifusi kinashuka, tanki linapasuka chini. Jenga jukwaa la tofali lililokaa juu ya jiwe lenyewe, upige zege. Weka na mfereji kwenye bati, ila mvua ya kwanza iache ipite, ina vumbi na mavi ya ndege.

Kwa watu watano, ukihesabu lita 15 kwa mtu kwa siku, ni 75. Tanki la 1000 linakupeleka karibu wiki mbili. Hela inayobaki weka kwenye jukwaa.

DadaWaIgombe
Shoga, mimi nazungumzia hao dagaa. Umenunua wa mchanga au wa kichanja? Mimi niliweka ndoo sita za wa mchanga, mwezi wa pili nikafungua, ndoo zote zina harufu ya kuchacha na kwenye meno mchanga mtupu. Nilikaa chini nikalia, mtaji wote ule. Dagaa wa kuweka ni yule aliyekaukia kichanjani siku ya jua kali, ukimkunja anakatika *ka*. Akijikunja tu, huyo bado ana maji, mle wiki hii.

Mtumishi77
Tujiulize mioyoni. Magunia manane kwa watu watano, jirani anakopa unga nusu kilo. Akiba ni njema ila kulimbikiza ni jambo lingine.

MzeeBusisi
Mtumishi, mwache binti wa watu. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 hukuwepo nini? Kwetu malori hayakupita. Bibi yangu alikuwa na kihenge cha udaga wa muhogo na matobolwa ya viazi, nyumba nne zilikula pale. Aliyeweka ndiye aliyegawa. Siku hizi mnapita darajani Busisi dakika chache mnafikiri dunia ndivyo ilivyokuwa, sisi tulikuwa tunalala foleni ya kivuko na mzigo unaozea kwenye gari.

BwanaShambaMstaafu
Mleta uzi, umesema "vidonge nimeshaweka". Vidonge gani, vya maji au vya mahindi? Na hayo magunia yako wapi?

MamaMapacha
Asante fundi, nimeelewa la 1000. Asante mzee wangu. Bwana shamba, vya maji ninavyo pia, vile vya kimoja kwa ndoo ya lita 20. Hivyo nilivyosema ni vya mahindi. Yalianza kutoa unga, kwenye gunia moja nikaona dumuzi. Magunia yako ndani, sehemu kavu. Hilo limeshaisha, mimi nauliza tanki tu.

BwanaShambaMstaafu
Halijaisha mama. Ndani wapi? Na vidonge vinafananaje?

MamaMapacha
Vya kijivu, vya mviringo, viko kwenye kopo la bati. Muuzaji alinipimia, akaniambia funga kwenye kitambaa uchomeke katikati ya gunia. Nimefunga vizuri kabisa. Magunia yako chumba cha watoto.

Msianze kunisema. Nyumba ina vyumba viwili. Nje wanaiba, stoo ya mwenye nyumba inavuja, na sebuleni panya wanapita juu ya mawe wanaingia. Mama yangu ametumia hivi vidonge miaka yote na mimi nimekula hayo mahindi hadi nimeolewa.

BwanaShambaMstaafu
Mama yako aliweka wapi? Kwenye ghala la nje, naamini. Nilisoma chuo cha kilimo Ukiriguru na nimefanya kazi ya ugani miaka mingi, nisikilize. Kidonge hicho kikikutana na unyevu, hata unyevu wa hewa tu, kinatoa gesi ya fosfini. Ndiyo inayoua dumuzi. Kitambaa hakizuii, kinatakiwa kisizuie, ndiyo kazi yake. Gesi ile haina dawa ya kuipinga mwilini, hospitali wanamsaidia mtu apumue na moyo upige, basi. Haiwekwi kamwe kwenye nyumba wanamolala watu. Watoto walale kwingine usiku huu huu.

KijanaWaPwani
Si avimwagie maji tu vizimike?

BwanaShambaMstaafu
HAPANA! Maji ndiyo yanavifanya vitoe gesi yote kwa mkupuo, na inaweza hata kuwaka. Asivimwagie maji, asivishike kwa mikono mitupu, asivitupe chooni. Milango na madirisha yafunguliwe, watu watoke.

DadaWaIgombe
Jamani, unaweza kusikia harufu yake? Maana kuna mwaka kwa wifi yangu palinuka kitu kama kitunguu saumu tukadhani ni mboga imeoza.

BwanaShambaMstaafu
Ndiyo, kama kitunguu saumu, au samaki aliyeoza. Lakini kutosikia harufu si usalama.

Kibuyu_Kikavu
Samahanini, mimi naona hii ni chai, tena haina hata hiyo sukari ya 2024. Vyumba vya Mabatini ninavijua, nimepanga huko miaka mitatu. Futi kumi kwa kumi. Weka magunia manane ya kilo mia mia, halafu watoto watatu. Wanalala wapi, darini? Na huyu ana hela ya simtanki la 2000 lakini hana pa kuweka mahindi. Kila wiki kuna mtu anatunga kisa humu ili bwana shamba atoe somo. Mleta uzi, jibu hilo moja tu, watoto wanalala wapi?

Mtumishi77
Hata mimi nilianza kutia shaka.

MamaMapacha
Wanalala juu ya magunia.

Nimeyapanga chini safu mbili, nikatandika turubai, juu yake godoro. Mnajua kwa nini sikusema? Kwa sababu niliona aibu. Sikutaka mtu aniambie nimewalaza watoto ghalani. Lakini wenyewe walifurahi, waliita kitanda cha ghorofa.

Na kingine. Doto anatapika tangu jana usiku. Asubuhi nilimpeleka akapimwa malaria, hana. Wakampa dawa ya tumbo. Kulwa leo kutwa anasema kichwa na kifua kinambana. Nilidhani ni maji, ndiyo maana nimekazana na tanki. Vidonge niliweka juzi jioni.

BwanaShambaMstaafu
Mama, acha simu sasa hivi. Toa watoto wote nje, usibaki kukusanya nguo. Nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando, popote utakapofika haraka. Useme kwa sauti "walilala na vidonge vya mahindi", usiseme tumbo. Kama uliondoka na kopo dukani, lipige picha kama liko karibu, kama liko chumbani liache. Zimamoto ni 114, waambie kuna vidonge chumbani wasiingie bila vifaa.

Kibuyu_Kikavu
Nafuta nilichoandika. Dada, nina bajaji, niko Mlango Mmoja hapa hapa. Shuka hadi barabarani kwenye daraja dogo, usimbebe mtoto mpaka mjini kwa miguu. Nakuja sasa hivi.

DadaWaIgombe
Mungu wangu. Nimempigia wifi.

MzeeBusisi
Tupe habari, mwanangu. Hatulali.

KijanaWaPwani
Wakuu, samahani kwa lile la maji. Kwetu tuna magunia mawili yenye vidonge hivyo stoo, yamebanana na chumba cha bibi, ukuta wa tofali za tope. Ni salama?

BwanaShambaMstaafu
Gesi inapita kwenye nyufa na juu ya ukuta usiofika kwenye bati. Mhamishe bibi kwanza, maswali baadaye.

Na kwa wote wanaosoma. Mahindi ya kula nyumbani hayahitaji sumu. Nunua mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani. Mahindi yakauke kweli kweli. Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Ikiwa haikuganda, jaza mfuko, sukuma hewa yote itoke, funga kila plastiki peke yake kwa kamba. Mdudu anakosa hewa anakufa humo ndani. Dumuzi huyu tulimwona kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakamwita Scania, kama lile lori, na hata yeye hapumui bila hewa. Usiweke mabichi, hayo yanaota ukungu wenye sumukuvu. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi ya namna hiyo.

Kibuyu_Kikavu, saa 5:48 usiku
Tumefika. Wote wamepokelewa. Yule mdogo kawekwa hewa. Mama yuko na daktari, simu yake imeisha chaji. Niko nje nasubiri.

MamaMapacha, saa 3:20 asubuhi
Naandika kwa simu ya nesi. Kulwa na dada yake wanaongea, wameomba chai na mkate. Doto amelala, bado ana mashine kifuani, wanasema atakaa hapa waangalie moyo, hata kama leo akionekana mzima. Daktari aliniuliza maswali kama ya bwana shamba, nikamwonyesha huu uzi akausoma wote. Wa zimamoto wametoa vitambaa vyote vinane. Mimi niliweka vinane, hesabu imelingana.

Mume wangu yuko Ukara, simu haipatikani. Kibuyu, umekataa hela ya mafuta, basi njoo nyumbani nikitoka hapa, kaka yangu.

Bwana shamba, nina swali. Wamesema chumba kikae wazi kwanza. Hilo godoro nalianika tu au nalichoma? Doto hapati usingizi bila lile godoro.

BwanaShambaMstaafu
Usilichome. Liache nje juani, lisirudi ndani mpaka wale wa zimamoto waseme. Waulize hao hao na kuhusu mahindi.

FundiMawe
Dada, Jumamosi napanda huko na mkanda wa kupimia. Hiyo hela ya tanki la 2000, tugawe. Tanki la 1000, na inayobaki tufunge stoo ndogo ya mabati nyuma ya nyumba, na kufuli. Mwenye nyumba niachie mimi niongee naye.