Dawa ya mitishamba ya kidonda cha kisukari: iuzwe kabla ya kujaribiwa?

Wakuu, tuijadili hii bila jazba. Kidonda cha kisukari kikitajwa tu, wapo wanaosema mshubiri, mwarobaini na asali viliwaponya wazee, hospitali kazi yao kukata miguu. Wengine wanajibu kwamba mitishamba yote ni utapeli. Mimi siko na yeyote kati yao.

Nianze na wanaocheka mitishamba. Mwaka 2021 Taiwan iliidhinisha krimu ya vidonda vya mguu wa kisukari, Fespixon, inayotokana na mimea miwili: Plectranthus amboinicus na Centella asiatica. Katika majaribio ya wagonjwa 236, kundi moja lilipakwa krimu, jingine likafungwa bandeji maalumu. Baada ya wiki 16, vidonda vilifunga kabisa kwa asilimia 60.7 ya waliopakwa krimu, dhidi ya 35.1 kwa wenzao. Na huo mmea wa kwanza asili yake ni pamoja na huku Afrika Mashariki! Mmea wetu, tyubu ya Taiwan.

Ila msiishie hapo. Waliofadhili ni watengenezaji wenyewe, na vidonda vyenye jipu la ndani au mfupa ulioshambuliwa havikuingizwa. Kila mgonjwa alijulikana sukari yake na ukubwa wa kidonda chake.

Sasa nendeni stendi yoyote mkatazame meza ya dawa. Unga wa kahawia kwenye chupa iliyokuwa ya maji, karatasi imeandikwa kwa kalamu: kisukari, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo, donda ndugu. Kipimo ni "kijiko", na tarehe ya kutengenezwa haipo. Mtu anaunyunyizia kwenye kidonda kibichi.

Muuzaji atakwambia, "Mteja wangu maumivu yameisha." Jamani, mguu wa kisukari mara nyingi umeshakufa ganzi! Mtu anakanyaga msumari na kutembea nao mpaka jioni. Kutouma ndiyo hatari yenyewe. Juu panakauka, ndugu wanashukuru, chini usaha unatafuta mfupa. Akifika hospitali mguu umeshakuwa mweusi, daktari anakata, na lawama zinamwangukia daktari. Hivyo ndivyo ule msemo wa "hospitali wanakata tu" unavyozidi kupata mashahidi.

Najua mtasema dawa zimesajiliwa. Sawa, Tanzania tuna sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 na Baraza la kuisimamia. Lakini usajili peke yake hauthibitishi kwamba kidonda kinafunga. Na Loliondo 2011 hatujaisahau, watu walipomiminika kwa Babu kunywa dawa yake ya mti: kikombe shilingi 500, kisukari kikiwa kwenye orodha ya yanayodaiwa kupona.

Msimamo wangu: asitangaze mtu dawa ya kidonda cha kisukari mpaka ijaribiwe kwa wagonjwa ambao wakati huohuo wanasafishwa kidonda, wanapunguziwa mzigo unaokandamiza mguu wenye kidonda na kudhibitiwa sukari.

Hoja inayonisumbua ni gharama. Mganga wa Handeni hana hela ya majaribio, na akipeleka mzizi wake maabara anaogopa kuporwa. Hofu hiyo naiona ya haki. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asilia. Serikali igharamie, mganga aandikiwe mgao wake kwenye mkataba kabla hajataja jina la mti.

Mnaopinga, karibuni. Ila anayeleta ushuhuda wa kupona aseme pia sukari ilikuwa ngapi, kidonda kilikuwa na ukubwa gani, na kama mgonjwa alikuwa anameza dawa za hospitali kimyakimya.